Ndizi nyama ya watu 100: sufuria kubwa haipikwi kama ndogo

Kama unapika ndizi nyama ya watu watano ikatoka vizuri, usidhani umeshajua kupika ya watu 100. Mimi nilidhani hivyo. Mara ya kwanza kukabidhiwa sufuria kwenye kipaimara cha mtoto wa ndugu yetu, nilichukua vipimo vyangu vya nyumbani nikavizidisha mara 20. Maji mara 20, chumvi mara 20, tangawizi mara 20. Ilipofika saa sita mchana nilikuwa na bahari mbele yangu: ndizi za juu zinaelea na bado ngumu, za katikati zimekuwa uji, na chini kabisa kuna tabaka jeusi limeshika sufuria kama lami. Nikachukua mwiko nikalikwangua, nikitaka kuokoa. Dakika kumi baadaye sufuria nzima ilinuka moshi.

Tangu siku hiyo nimesimama kwenye mafiga mara nyingi, nikajifunza kwa wamama waliopika shughuli tangu mimi sijazaliwa. Ninachoandika hapa ni ndizi nyama ya Kilimanjaro, ile Wachaga wanayoiita machalari: nyama ya ng'ombe yenye mifupa, ndizi mbichi, karoti, vitunguu na nyanya, mchuzi mzito unaoshika kijiko. Si mtori, maana mtori unapondwa ukawa supu. Hapa ndizi inabaki ndizi, ila imelegea pembeni na kuufanya mchuzi uwe mzito wenyewe bila unga wowote.

Kwa nini kuzidisha hakufanyi kazi? Maji yanakauka kupitia uso wa sufuria tu. Sufuria ya lita 60 ina chakula mara 20 ya ile ya lita tatu, lakini uso wake hauwi mara 20, ni kama mara saba au nane. Kwa hiyo kwa kila lita ya mchuzi, kinachopaa kama mvuke ni kidogo sana. Chumvi haipotei, maji hayapotei, harufu ya viungo inabaki ndani. Na joto likishaingia halitoki haraka: ukiondoa moto, chakula kinaendelea kuiva kwa nusu saa nyingine. Karibu kila kosa la mpishi mpya wa shughuli linatoka kwenye mambo hayo mawili.

Hesabu ya watu 100

Hesabu hii ni ya ndizi nyama ikiwa ndiyo chakula kikuu. Kama kuna pilau na wali pembeni, punguza ndizi kwa theluthi moja na nyama uiache ilivyo, kwa sababu watu watakuja kutafuta nyama hata kama hawana njaa.

Nyama yenye mifupa kilo 20.
Ndizi mbichi 320 hivi, yaani tatu kwa kila mtu na za ziada kidogo.
Vitunguu maji kilo 4.
Nyanya zilizoiva kilo 8.
Karoti kilo 4.
Pilipili hoho kilo 2.
Vitunguu saumu gramu 400 na tangawizi mbichi gramu 300.
Mafuta ya kupikia lita 2.
Chumvi: nunua kilo moja, lakini hutaimaliza.
Majani ya giligilani mafungu mawili makubwa, limao chache za mezani, na pilipili mbuzi za kusagwa pembeni.

Ndizi zinanunuliwa kwa mkungu, kwa hiyo hesabu chane. Chane moja ya mshare, aina ya ndizi ya kupika, ina ndizi 12 hadi 16. Mikungu minne mizuri yenye chane saba au nane inatosha na inabaki. Usichanganye mkungu uliokatwa jana na uliokatwa wiki iliyopita, wala mshare na ndizi za aina nyingine kwenye sufuria moja, kwa sababu zitaiva kwa nyakati tofauti na hutaweza kuzitenganisha. Tazama pembe za ndizi: zikiwa kali kama upanga, ndizi haijakomaa na nyama yake ni nyembamba. Zikiwa zimejaa na kuanza kuviringa, hiyo ndiyo. Vunja moja. Ikitoa utomvu mweupe mwingi, iko sawa. Utomvu ukiwa haba na ndani kumeanza kuwa na umanjano, itatoa utamu usioutaka kwenye mchuzi.

Buchani usiombe steki. Steki kwenye moto wa saa tatu inakuwa kamba. Omba kidari, mbavu, shingo na mifupa ya goti, na ukipata kongoro mbili usiziache. Sehemu hizo zina mishipa na gegedu nyingi, na ndivyo vinavyoyeyuka taratibu na kuufanya mchuzi unate midomoni. Mwambie wa buchani akate vipande vya gramu 60 hivi, ukubwa wa kiberiti kilichonona. Kilo 20 zitakupa vipande 300 na ushee, yaani vitatu kwa kila sahani. Hesabu hii ifanye kabla, kwa sababu ugomvi wa shughuli hauanzi kwenye chumvi, unaanza kwa mtu aliyepata mfupa mtupu huku jirani yake ana vipande sita.

Sufuria mbili, si moja

Watu wanapenda picha ya sufuria moja kubwa kama pipa. Mimi nakataa. Ndizi zikipangana kwa kina kirefu, uzito wa za juu unaziponda za chini kabla za juu hazijaiva. Tumia sufuria mbili za lita 60 kila moja, zisijae zaidi ya theluthi mbili. Ukiharibu moja, bado una nyingine. Ongeza karai pana moja la kukaangia rosti, yaani vitunguu na nyanya za kuunga mchuzi, ndoo mbili safi za kulowekea ndizi, miiko miwili mirefu inayofika chini bila mkono kuingia kwenye mvuke, upawa wa kugawia, na sufuria ndogo ya maji yanayochemka muda wote pembeni. Hiyo ya maji ya moto wengi wanaisahau, halafu wanamwagia maji baridi kwenye nyama inayochemka na kupoteza nusu saa.

Mafiga yawe mawe makavu, mazito, ya ukubwa unaolingana. Usichukue mawe ya mtoni yenye unyevu: maji yaliyomo ndani yakipata moto yanalipasua jiwe, na jiwe likipasuka chini ya lita 40 za mchuzi unaochemka kuna watu wataungua. Kabla hujaweka kitu, pandisha mwenyewe sufuria tupu juu ya mafiga, itikise kwa mikono miwili. Ikicheza, rekebisha sasa. Mafiga yainue sufuria shubiri moja na zaidi kidogo kutoka chini, kuni ziweze kuingia na hewa ipite. Na ujue kabisa: sufuria ikishajaa haitoki mafigani mpaka iishe. Ukitaka kupunguza moto, unavuta kuni, huinui sufuria.

Kuni ziwe kavu za kukatika kwa mlio. Huku kwetu tunatumia matawi ya mgrivea yaliyopunguzwa shambani, na mibuni mizee iliyong'olewa ikipatikana ni bora zaidi, inaacha makaa mazito yanayokaa. Tenga kuni nyembamba za moto mkali wa mwanzo na magogo manene ya baadaye. Kabla ya sufuria kwenda motoni, ipake nje yote majivu yaliyokorogwa na maji yawe kama rojo. Masizi yatashika kwenye majivu, na jioni utayaosha kwa kitambaa badala ya kusugua mpaka usiku.

Ratiba inarudi nyuma

Panga kuanzia saa ya kula. Tuseme watu wanatoka kanisani na kula saa saba mchana. Saa 12:30 asubuhi moto unawashwa. Saa 1:00 nyama iko sufuriani. Saa 2:00 wamenyaji wa ndizi wanakaa chini. Saa 3:30 karai la rosti linaanza. Saa 5:00 kamili ndizi zinaingia, na saa 6:15 zinatakiwa ziwe zimeiva. Kisha kunabaki dakika 45 za kutulia ambazo watu wote watataka kukunyang'anya, na wewe usizitoe.

Kama mnapikia juu mlimani, ongeza nusu saa nzima kwenye nyama. Maji kwenye mita 1,500 yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, na nyama ngumu inausikia upungufu huo. Mwenzetu aliyezoea kupika Dar es Salaam akipanda na ratiba yake ya Dar huwa anashangaa kwa nini kidari chake hakilegei.

Nyama

Weka kilo zote 20 kwenye sufuria moja bila maji. Tangulia na mifupa na kongoro chini, nyama juu, kisha tangawizi iliyotwangwa, nusu ya saumu, na chumvi vijiko vikubwa vitano tu. Moto wa wastani. Kwa dakika chache za mwanzo utaona kama sufuria inataka kuungua. Geuza kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, na nyama itaanza kutoa maji yake yenyewe, lita kadhaa. Acha ichemkie humo, ukigeuza kila dakika tano, maana ya chini inaiva huku ya juu bado ina damu. Povu la kijivu likipanda, litoe kwa upawa ulitupe. Baada ya kama dakika 40 yale maji yanapungua, harufu inabadilika kutoka ya damu kuwa ya nyama, na mafuta yanaanza kulia chini. Hapo ndipo ladha inapojengwa, na hapo ndipo wengi wanapokosa subira wakamwaga maji mapema.

Sasa mimina maji ya moto, yafunike nyama na yapite juu vidole vinne. Kwa kilo 20 ni lita 20 kwa kukisia. Yakichemka vuta kuni mpaka sufuria iwe inacheka taratibu, mapovu madogo yakitokea hapa na pale. Ikichemka kwa fujo nyama inakakamaa, na mchuzi unakuwa na ukungu wa mafuta. Funika, ukiacha upenyo mdogo.

Saa mbili na nusu baadaye jaribu kipande cha shingo. Unataka kiwe robo tatu ya kuiva: jino linapita, lakini nyama bado imeshika mfupa. Itamalizikia na ndizi. Ikiwa imeshalegea kabisa saa hii, itakapofika kwenye sahani itakuwa nyuzi.

Ndizi

Kumenya ndizi 320 ni kazi ya watu. Mtu mmoja aliyezoea anamenya mbili kwa dakika, kwa hiyo wanne wanamaliza kama dakika 40, na hadithi zikinoga, saa nzima. Kila mtu apake mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu kabla ya kushika ndizi ya kwanza, na arudie kila baada ya ndizi kumi. Utomvu ukishakaukia kwenye ngozi haupungui kwa sabuni, na ukigusa kitenge cha kanisani umeingia moja kwa moja kwenye madoa ya kudumu.

Kata vichwa viwili, chora mstari mmoja kwa urefu bila kuingia ndani, ingiza kidole gumba chini ya ganda na lisukume pembeni. Kwenye mshare mzuri linatoka kama gamba zima. Kwangua zile nyuzi zilizobaki juu ya ndizi, kwa sababu hizo ndizo zinazoleta ukakasi na weusi. Ikimenywa tu, itumbukize kwenye ndoo ya maji. Ndizi ikikaa kwenye hewa dakika tano inaanza kuwa kahawia, na kwenye maji inabaki nyeupe. Iache nzima, au ikate mara mbili ikiwa ndefu sana. Usiikate vipande vidogo vya nyumbani. Kwenye sufuria kubwa vipande vidogo ni uji mtarajiwa.

Kuna watu wanaotia magadi ili ndizi ziive upesi. Zinaiva upesi kweli. Pia mchuzi unapata ladha ya sabuni, na ukizidisha kidogo unaharibu sufuria nzima. Moto mzuri unatosha.

Maganda wapelekewe ng'ombe.

Rosti ikaangwe peke yake

Mtu anayeunga mchuzi wa watu 100 ndani ya sufuria ya nyama anajitesa. Nyanya kilo nane zina maji mengi, na ndani ya sufuria yenye kina hayana pa kwenda. Tumia karai pana, moto wake peke yake.

Mafuta lita mbili yakipata moto, weka nusu ya vitunguu kwanza. Ukiweka vyote kilo nne kwa mpigo vinatoa maji vikachemka badala ya kukaangika. Nusu ya kwanza ikianza kuwa ya dhahabu pembeni, ongeza iliyobaki. Hesabu dakika 30 hadi 40 na usiondoke. Kisha saumu iliyobaki, dakika mbili tu. Kisha nyanya zilizokwaruzwa. Sasa acha. Rosti itapiga mapovu makubwa yenye kuruka, kwa hiyo watoto wakae mbali. Itapungua mpaka ibaki kama nusu yake, rangi inatoka kwenye waridi inakuwa nyekundu iliyokolea, na ukivuta mwiko katikati ya karai, mafuta yanajitenga na kujaza ile njia. Kama mafuta hayajajitenga, nyanya bado ni mbichi na mchuzi utakuwa mchachu, na hakuna sukari itakayouficha vizuri.

Ukipenda bizari, iweke hapa, lakini anza na nusu ya hesabu yako ya kuzidisha. Kumbuka ule uso wa sufuria: harufu haitoki. Bibi zetu wa mlimani hawakutia bizari kabisa, na mimi nikipika nyama nzuri nafuata njia yao.

Kwa nini rosti haiingii pamoja na ndizi tangu mwanzo? Uchachu wa nyanya unachelewesha ndizi na karoti kulainika. Ndizi zilizoanza kwenye supu tupu zinalegea vizuri; zilizoanza kwenye nyanya zinabaki na kiini kigumu hata baada ya saa nzima. Jambo hili kwenye sufuria ya nyumbani halionekani sana, lakini hapa linakugharimu ratiba.

Kupanga sufuria

Saa 5:00 umefika kwenye kazi yenyewe. Gawa nyama na supu sawa kwenye sufuria mbili, moja kwa moja kwa upawa, na mtu mwingine ahesabu. Kwenye kila sufuria tandaza mifupa mikubwa chini kabisa, iwe kama kichanja. Ndizi hazitagusa kitako cha sufuria, na kitako ndiko kunakoungulia. Juu ya mifupa weka nyama kidogo, kisha ndizi, kisha nyama, kisha ndizi. Karoti zilizokatwa vipande vinene zijaze mapengo. Supu ifike chini kidogo ya ndizi za juu, isizifunike. Ndizi zenyewe zitashuka zikianza kulegea, na mvuke utaivisha za juu.

Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza: niliona ndizi zimechomoza, nikaogopa, nikaongeza maji. Usiogope.

Tandaza majani mawili matatu ya mgomba yaliyooshwa na kupitishwa juu ya moto mpaka yakalainika, halafu mfuniko. Majani yanabana mvuke na yanatoa harufu ambayo mfuniko wa bati hauna. Moto mkali mpaka usikie kuchemka, kisha vuta kuni na ubaki na makaa na gogo moja.

Kuanzia sasa mwiko haukorogi. Ukitaka kujua kama chini kumeshika, uteremshe mwiko ukiambaa na ukuta wa sufuria mpaka kitakoni, usukume taratibu, uutoe. Ukitoka safi, endelea. Ukiwa na kitu cha kahawia, punguza moto. Mtu akija na nguvu zake akataka kusaidia kukoroga, mpe kazi ya kuchanja kuni.

Baada ya dakika 30 hadi 35, choma ndizi ya katikati kwa kijiti chembamba. Kikiingia kwa kusita kidogo, mimina rosti juu, nusu kwa nusu kwa sufuria zote mbili, itandaze kwa upawa na iache ishuke yenyewe. Funika tena dakika 20. Pilipili hoho ziingie dakika kumi za mwisho, giligilani ukishavuta moto. Pilipili kali isiingie sufuriani kabisa: kuna watoto na wazee. Isage na limao na chumvi, iwekwe mezani, kila mtu ajipimie.

Wanaotaka nazi, kama wanavyopika wengi wa Pwani na Dar, wajue tui linaingia mara mbili. Nazi 15 kwa sufuria zote mbili. Tui jepesi litumike badala ya sehemu ya maji ya kupikia nyama, na tui zito liingie moto ukiwa umeshavutwa, ukilimimina huku unaambaza mwiko pembeni. Ukilichemsha kwa nguvu linakatika, na utaona madonge meupe yakielea kwenye mafuta.

Mwenye chumvi awe mmoja

Kwa chakula hiki chote, gramu 600 hivi za chumvi zinafika mahali pake. Ulishaweka vijiko vitano kwenye nyama, karibu gramu 100. Gawa gramu 300 kwa sufuria zote mbili wakati wa kumimina rosti, na zilizobaki uziweke kidogo kidogo ukionja. Onja mchuzi uliopozwa kwenye kijiko, kwa sababu ulimi ulioungua hausikii chumvi.

Lakini hesabu hizo hazina maana kama kila anayepita anafunua mfuniko. Chagua mtu mmoja na pakiti ya chumvi ikae mfukoni mwake. Nimewahi kugeuka kuchukua upawa, nikarudi nikamkuta shangazi ameinama juu ya sufuria.

"Shikamoo shangazi. Chumvi nimeshaweka."

"Marahaba mwanangu. Nimeongeza kidogo tu."

Kidogo cha shangazi kilikuwa konzi nzima. Na kabla yake alikuwa amepita mama mkubwa, naye aliongeza kidogo tu.

Chumvi ikizidi, usitegemee ule ushauri wa kutumbukiza viazi. Kiazi kinachukua sehemu yake ya mchuzi wenye chumvi, hakichagui chumvi peke yake. Tiba ni kuongeza kisicho na chumvi: chemsha ndizi nyingine 30 pembeni kwa maji matupu, zichanganye kwa upole, na maji yake kidogo. Ndiyo maana nilisema ununue za ziada.

Mchuzi ukiwa mwepesi, toa ndizi sita zilizoiva, ziponde kwa mwiko, zirudishe pembezoni. Ukiwa mzito mno, maji ya moto, nusu lita nusu lita.

Ukisikia harufu ya kuungua, usiguse chini. Vuta moto wote hapo hapo, chota chakula cha juu kwa upawa mpaka kwenye sufuria nyingine, na ukikaribia vidole viwili kutoka kitakoni, simama. Ulichokiacha ni hasara ya sahani tano. Ukikikwangua, hasara ni sahani zote.

Kutulia na kugawa

Moto ukishavutwa, acha sufuria zimefunikwa dakika 30 hadi 45. Ndizi zinamalizikia kwa joto lililomo, mchuzi unanywewa, mafuta yanapanda juu. Watakuja vijana kukuambia wageni wameshakaa. Wapeni soda.

Anayegawa awe mtulivu. Upawa uingie pembeni na kwenda chini, utoke na ndizi tatu na mchuzi, kisha vipande vitatu vya nyama kwa koleo au kijiko cha pili. Mifupa ya chini usiigawe kama nyama. Iweke kwenye sinia lake, watapatikana wenyewe wanaoipenda, na mara nyingi ndio wazee wanaokaa karibu na mbege, pombe ya ndizi. Kachumbari isikatwe kwenye ubao au kwa kisu kilichokata nyama mbichi asubuhi. Nyama ilipikwa kwa muda wa saa tano. Kachumbari haipikwi, na tumbo linaloumwa usiku mara nyingi limetoka huko.

Kiporo

Huku kwetu watu wana mazoea ya kuacha kilichobaki ndani ya sufuria mpaka asubuhi, kwa sababu usiku wa mlimani ni wa baridi. Baridi hiyo haifiki katikati ya sufuria. Lita 20 za mchuzi zilizofunikwa zinabaki za uvuguvugu usiku kucha, na uvuguvugu huo ndio unaopendwa na vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi hata kwa kuchemka. Asubuhi chakula kimechacha, au kibaya zaidi, hakijachacha na bado kinaumiza.

Gawa kiporo mapema, ndani ya saa mbili tangu kugawa kuishe, kwenye mabeseni na sufuria ndogo, kina kisizidi vidole vinne, kikiwa wazi mpaka kipoe, kisha kifunikwe na kiende mahali pa baridi. Wape majirani na waliokaa na moto tangu alfajiri wabebe kwao. Kesho yake kichemshwe mpaka kibubujike katikati, si kupashwa moto pembeni tu. Mchuzi wenye nyanya usilale kwenye sufuria ya aluminiamu. Unaila hiyo aluminiamu na kuchukua ladha yake.

Sufuria nazo zijazwe maji zikiwa bado na joto, pamoja na konzi mbili za majivu, na ziachwe juu ya makaa yanayozimika. Ukoko utalainika wenyewe wakati wewe umekaa, viatu umevivua, unakula sahani yako ya mwisho.